Uliza Flashi Itachomekwa Wapi

Kuna Ijumaa moja ambayo hadi leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukifomati flashi yako haraka haraka, unabonyeza kila kinachojitokeza, nikajiona mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi katika studio ya picha na video mjini Thika. Mwenye studio alikuwa Mzee Kamande, mpole, mtu wa maneno machache. Mambo ya kompyuta niliyajua kuliko yeye, na sikuficha.

Mteja wetu mmoja aliitwa Wafula, mfanyakazi wa shamba la kahawa upande wa Ruiru. Yeye na mkewe Agneta walitoka magharibi, wakapanga nyumba Murera. Agneta alikuwa mgonjwa, na alijua haponi. Mama yake alikuwa huko kwao, miguu imekataa safari. Basi Agneta akaomba arekodiwe akizungumza na mama yake, nami nikatumwa na kamera. Alivaa sweta ya samawati, akaketi nje ya nyumba, akaongea karibu saa mbili kwa lugha yao, ambayo siijui. Alipomaliza akaniambia kwa Kiswahili, "Njoroge, hakikisha mama ameniona."

Baada ya majuma mawili alifariki. Wafula alikuja studio na flashi mpya. Alieleza kwamba wanasafirisha mwili nyumbani, mazishi ni Jumamosi, na Ijumaa mchana wangemwekea mama video hiyo kwenye TV ya shemeji yake. Yeye mwenyewe hakuwa na moyo wa kuitazama.

Nikachomeka flashi, kompyuta ikakataa: faili kubwa mno. Video ilikuwa gigabaiti sita, na flashi ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti nne. Dawa yake niliijua. Nikaifomati upya kwa NTFS, mfumo wa kompyuta za Windows, na video ikaingia yote. Mzee Kamande akauliza kama nimeijaribu kwenye TV yetu ya ukutani. Nikamjibu hakuna haja, kitu kikisoma kwa kompyuta kitasoma popote. Nililisema hilo mbele ya mteja, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ijumaa saa tisa simu ikalia. Wafula alisema TV inaandika kwamba flashi haina kitu. Sebule imejaa watu, mama ameketishwa mbele, na hakuna kompyuta karibu. Nikamwambia achomoe, achomeke tena, azime TV, aiwashe. Alifanya yote. Mwishowe akasema polepole, "Kijana, mama anauliza mtoto wake yuko wapi." Akakata simu.

Mzee Kamande hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Aliniambia, "Mtu alikwambia TV, wewe ukasikia kompyuta. Sasa utaipeleka mwenyewe."

Kwa bahati video ilikuwa bado kwenye kompyuta ya studio. Nikaikata vipande viwili, kila kimoja chini ya gigabaiti nne, nikaviweka kwenye flashi nyingine ya FAT32. Safari hii niliitazama kwenye TV ya ukutani mwanzo hadi mwisho. Jumamosi nikapanda basi. Nilifika jioni, kaburi limeshafunikwa.

Tuliiweka Jumapili baada ya ibada. Bibi, yaani mama yake Agneta, alisogezwa karibu kabisa na TV kwa sababu macho yake yalikuwa hafifu. Alisikiliza bila kutikisika. Katikati ya kipande cha pili aliinua mkono, na Wafula akainamisha kichwa. Nilimuuliza kwa kunong'ona kuna nini. Akanieleza kwamba Agneta alikuwa anaomba azikwe amefungwa leso aliyopewa na mama yake siku ya harusi, na kwamba iko ndani ya sanduku, chini ya kitanda, kule Murera.

Ilipoisha, bibi aliniita. Wafula akanitafsiria: "Asante kwa kuniletea sauti yake. Lakini imenifikia tukishamfunika."

 

Basi nisikilize, mwanangu. Kabla hujachagua mfumo wa flashi, uliza itachomekwa wapi. Ikiwa inaenda kwa TV ya zamani, redio ya gari au mashine usiyoijua, weka FAT32, na faili kubwa uikate. Ikiwa ni faili kubwa za kuhamisha kati ya kompyuta za siku hizi, hata za aina tofauti, mfumo wa exFAT utakufaa, na TV nyingi mpya zinausoma. NTFS iachie kazi za Windows. Kufomati kunafuta vyote vilivyomo, kwa hivyo nakili kwanza mahali pengine, na usifute cha asili hadi mwenyewe akwambie amekiona. Kisha jaribu. Mtu akikuuliza kama umejaribu, usione amekudharau. Simama, uende ujaribu. Na anayekuletea kazi mwache amalize kusema, kwa sababu mara nyingi jibu unalotafuta kwenye kompyuta ameshakupa kwa mdomo.

Mungu akupe mikono yenye utulivu na masikio yanayosikia. Kila utakachobebeshwa na watu kiwafikie wenyewe wakati bado wanakihitaji.