Mawe ya Mizani Yaliyotafunwa

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu ya kilima, mji wa Bukoba ukiwa chini yetu, na chumba kimoja cha chuo hicho kiliitwa maabara kwa sababu tu kilikuwa na sinki. Bomba halikuwepo. Maji tulichota kisimani kwa ndoo, tukayatumia, kisha tukayamwaga katika sinki hilo kwa heshima kubwa, nayo yakatoka upande wa pili wa ukuta yakamwagilia maboga ya mpishi.

Humo ndimo tulimofundishwa sayansi ya mwanzo, sisi ambao tulikuwa hatujawahi kushika hata kipimajoto. Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole kwa watu na mkali kwa mizani. Ukikohoa karibu na mizani yake alikutoa nje ukamalizie kikohozi huko. Tulikuwa Tanganyika ya Waingereza na tulizoea kutolewa nje kwa sababu nyingi, lakini kwa kikohozi ilikuwa mara ya kwanza.

Tatizo lilikuwa mawe ya mizani. Yale makubwa ya shaba yalikuwepo yote, maana makubwa hayapotei. Madogo, ya gramu chache na ya nusu gramu, yalikuwa yameondoka na wanafunzi wa miaka ya nyuma, nadhani katika mikunjo ya kaptula zao. Mwalimu akasema kila wawili watengeneze ya kwao. Wenzetu walikata mabati na waya. Mimi na mwenzangu wa meza tulichagua kahawa.

Mwenzangu huyo alikuwa kijana Mwislamu wa mjini Bukoba, ambaye babu yake alitoka pwani akaja kuuza vitambaa na hakurudi tena. Yeye ndiye aliyeona kahawa yangu. Kwetu Uhayani kahawa huchemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa pamoja na maganda yake, na mgeni akiingia huwekewa kikapu kidogo achukue, atafune, kabla hajaulizwa lililomleta. Tunaiita akamwani. Mama alikuwa amenifungashia.

"Bwana, hizi zimekauka kweli," mwenzangu alisema akizirusha kiganjani. "Haziozi, hazinywi maji. Tukizisugua kidogo zitalingana."

Tukazisugua kwenye ngazi ya saruji, punje moja moja, tukizipima kila mara, mpaka mbili zikawa gramu moja kamili. Tulikuwa na fahari nazo kuliko mwenye ng'ombe. Tukazihifadhi katika kikapu kidogo chenye kifuniko nilichotoka nacho nyumbani. Msomaji wa Uhaya ameshaanza kucheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu kitu ukikitazama kila siku kama jiwe la mizani unasahau kwamba kinalika.

Sasa nimweleze baba. Mimi ni mtoto wake wa kwanza wa kiume, na kibanja chetu cha Nshamba, migomba na mibuni yake yote, kilikuwa kinanisubiri. Baba hakuwa na ugomvi na shule mpaka kijana wa jirani aliporudi kutoka masomoni akiwa na viatu, akawapita wazee njiani bila kuwaamkia. Jambo hilo lilizungumzwa Nshamba mpaka likachosha. Baba akaniletea neno: atakuja mwenyewe anitazame, na akiona nimekuwa kama yule, ananirudisha nikapalilie migomba. Hakusema atakuja lini. Nilitaka ualimu kuliko kitu chochote duniani, na nilimwogopa baba kuliko mtihani wowote.

Alikuja siku ya mtihani wa vitendo. Bila shaka.

Tulikuwa tumeshapima hewani jiwe la mtihani, kokoto kubwa tuliyopewa, na tunajiandaa kulipima likining'inia ndani ya maji, mlango ulipofunguliwa. Baba alisimama pale na vumbi la lori la kahawa usoni, gunia tupu amelikunja kwapani. Gunia hilo nililielewa mara moja. Lilikuwa la blanketi langu na vitabu vyangu. Nikapiga goti nikamwamkia, naye akaitikia bila haraka, akikagua goti langu kama limefika chini.

Mwalimu, ambaye alikuwa na adabu zake, alimpa shikamoo ya kujifunza vitabuni, akamletea kiti, akakiweka kando ya meza yetu. Kisha akaenda kuwatazama wengine.

Baba akaketi. Akatazama mizani, akatazama jiwe linaloning'inia kwenye uzi, akatazama kikapu. Uso wake ukalainika.

"Waitu," akasema taratibu, neno letu la heshima, "mmeniwekea akamwani."

Akafunua. Akachukua punje mbili akazitia mdomoni. Mtu anaweza kumwambia mgeni mambo mengi, lakini kumwambia baba yako ateme kahawa ya ugeni, na gunia liko magotini mwake, hilo sikuwa na ulimi wake. Akanipa moja kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaitafuna, nusu gramu yangu, na iliniuma roho kwa sababu ndiyo tuliyoisugua vizuri kuliko zote. Mwenzangu naye akapewa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Akashukuru, akainama, akaitumbukiza katika mfuko wa shati.

"Mbona zimekwanguliwa kando?" baba akauliza.

"Ndivyo zinavyoandaliwa hapa chuoni, tata."

"Mh," akasema. Zilizobaki akazifunga katika leso, za njiani.

Mwalimu akarudi. Akatazama kikapu kitupu akaniuliza kwa Kiingereza, namshukuru Mungu kwa Kiingereza hicho, mawe yetu madogo yako wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba baba yangu ameyala. Mwalimu akaenda dirishani, akatupa mgongo, mabega yakimtikisika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema tu kwamba muda bado upo.

"Anauliza nini?" baba akasema.

"Anauliza kama kahawa ni nzuri."

"Mwambie ni nzuri."

Nilikaa nikitazama mizani bila kuiona. Kwa kweli nilikuwa nikiyaona magugu ya Nshamba. Mwenzangu ndiye aliyenipiga kiwiko, akaonyesha ndoo kwa kidevu, na hapo nikakumbuka somo la kwanza kabisa tulilofundishwa: sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja. Tukaweka vifuniko viwili vya bati vilivyolingana, kimoja kila upande. Nikachota maji kutoka silinda ya kupimia, nikayadondosha katika kifuniko cha upande wa mawe, tone kwa tone. Karibu na mwisho mwenzangu akatoa ile punje yake mfukoni akaiweka mahali pake. Mizani ikatulia.

Baba alikuwa amesogeza kiti. Mizani anaijua, ameshindana nayo kila msimu wa kuuza kahawa.

"Jiwe limepungua?" akauliza.

"Limepungua, tata. Ndani ya maji."

"Kahawa yangu hupungua hapo hapo pakavu," akasema, akaendelea kutafuna.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilisubiri aseme niende nikafungashe. Akalikunja gunia upya, akalibana kwapani, akasema, "Baki. Nimeona nilichokuja kuona." Machozi yalinitoka, na sikuona aibu. Na Nshamba nzima ikaja kusikia kwamba mtoto wake, mbele ya Mzungu, kazi ikiwa mikononi, alimwekea baba yake kahawa hata kabla hajafika. Nilipokuwa likizo niliisikia hadithi hiyo nikiwa nimeinamisha kichwa, watu wakaniona mnyenyekevu.

Nilifaulu, nikapangiwa shule Kagoma. Katika chumba changu cha sayansi niliweka kikapu cha akamwani mezani, cha wageni tu, kwa sababu nilitaka sifa ile iwe na ukweli ndani yake. Mawe ya mizani niliyakata kwa bati.

Siku moja baba akaja. Akaketi, akafunua kikapu, akatoa punje moja akaizungusha vidoleni.

"Za hapa ni nzima," akasema. "Leo nitakula bila kumharibia mtu mtihani."

Nikamuuliza alijua lini.

"Ulipoanza kudondosha maji. Mtu hapimi kwa maji kama ana mawe. Nikaelewa nimekula nini."

"Na nyingine ulikuwa nazo kwenye leso, tata."

"Nilikuwa nazo. Nilikaa nikingoja uniombe nizirudishe."

"Nisingeweza."

Akaitia punje mdomoni, akanipa nyingine kwa mikono miwili.

"Ndiyo maana," akasema, "nilirudi na gunia tupu."