Pete ya Bi Mboni

Ukitaka kitambaa cha pazia Kariakoo, maduka ni mengi. Ukitaka somo wa kumfunda binti yako kabla ya ndoa, wanawake wa Mchafukoge watakutajia jina moja tu: Bi Mboni wa Mtaa wa Narung'ombe. Siku za kawaida anauza mapazia. Siku za harusi anafunga kanga mbili kiunoni, anawatoa wanaume wote nyumbani, kisha anawaambia wali, mabinti wanaoolewa, mambo ambayo mama zao wanashindwa kuyatamka. Haoni haya kuuzungumzia mwili wa mwanamke.

Ndiyo maana inashangaza kwamba alikaa na siri ya mwili wake mwenyewe miaka miwili, asimwambie mtu.

Ilianza masika. Mvua ilinyesha siku tatu, barabara ya Jangwani ikafungwa, na wapagazi wake wakakwama ng'ambo. Maji yakaanza kuingia stoo, chini ya jengo, mahali alipoweka mzigo wote. Bi Mboni hakusubiri. Alijitwisha jora moja la kitambaa, akalipandisha ngazi, akarudi kuchukua jingine. Kwenye la kumi alihisi kitu kimeshuka ndani yake, kama yai linalotafuta njia. Akaenda chooni, akajigusa, akakuta kinyama cha mviringo, laini, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Akanawa mikono. Halafu akarudi kuyamalizia majora mawili yaliyobaki, maana maji yalikuwa yanapanda.

Tangu hapo asubuhi zilikuwa nafuu, jioni zikawa nzito. Akicheka, mkojo unamponyoka. Udhu ukawa haukai, na sijda ikawa mtihani, akaanza kuswali ameketi. Mumewe Abubakary, fundi cherehani mpole, alidhani ni magoti. Kwenye ngoma za wali, yeye aliyekuwa akiingia uwanjani wa kwanza na kutoka wa mwisho, sasa alikaa kitini akiimbisha, akisema amewaachia vijana.

Alijua ni nini. Alizaa watoto wanne, na yule wa mwisho, wa kilo nne na nusu, alimsukuma tangu alfajiri hadi adhuhuri. Tangu utotoni alisikia habari za wanawake walioshuka kizazi, wakisemwa kwa kunong'ona kana kwamba wamefanya aibu fulani. Hakutaka kunong'onwa.

Matone ya damu kwenye nguo ndiyo yaliyompeleka hospitali. Daktari alimpima, akamwandikia vipimo, na majibu yalipotoka akamweleza bila kuzunguka.

"Mama, kizazi kimeshuka sana. Umefika miaka arobaini na tisa, watoto unao. Tunakitoa, unapumzika."

"Kina ugonjwa?"

"Hapana, ni kisafi. Damu ni ya mchubuko tu, kinasuguana na nguo."

"Kama hakina ugonjwa, kinatolewa kwa kosa gani?"

Daktari alicheka, kisha akaona mgonjwa hacheki. Nje foleni ilikuwa ndefu. "Hapa hiyo ndiyo njia yetu," alisema kwa upole. "Nenda kafikirie, tarehe hii hapa."

Bi Mboni alirudi nyumbani na kikaratasi cha tarehe ya operesheni. Ngazi za ghorofa ya pili zikamshinda, akaketi katikati. Ndipo alipokutwa na jirani yake wa juu, Jasvanti, mjane wa miaka sabini na mbili ambaye mtaa mzima unamwita Mama Zarna.

"Shikamoo, Mama Zarna."

"Marahaba. Mbona umekaa upande upande?"

"Magoti."

"Magoti hayamkalishi mtu upande." Jasvanti akaweka kapu lake la mboga chini, akaketi ngazi ileile. Akamtazama kidogo, kisha akauliza taratibu, "Kimeshuka?"

Machozi yakamjibia Bi Mboni.

"Mimi huu mwaka wa tisa nina pete," Jasvanti alisema. "Si ya kidoleni. Ya mpira laini, inakaa ndani, inakishikilia kizazi kisitoke. Naitoa mwenyewe, naiosha, nairudisha. Zarna mwenyewe hajui."

"Miaka tisa! Na mimi naishi chini yako?"

"Na wewe miaka mingapi? Na mimi naishi juu yako?"

Wakaangua kicheko. Bi Mboni akalowa, akasema nimelowa, na hapo wakacheka zaidi mpaka mlango wa jirani ukafunguliwa.

Jioni ile alimweleza Abubakary yote, yule aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita. Alitarajia maswali mengi. Aliulizwa moja.

"Inauma?"

"Jioni, ndiyo."

"Basi jioni usisimame tena dukani. Nitakuja mimi."

Wiki iliyofuata Jasvanti alimpeleka kwenye kliniki moja karibu na Posta, kwa Daktari Leodegar. Huyo alichukua kalamu akachora nyonga, kibofu na kizazi, akaeleza kwamba kizazi chenyewe ni kizima, ila misuli na kano zinazokishikilia zimelegea.

"Kwa hiyo pazia ni zima, ndoano ndizo zimeachia," Bi Mboni alisema.

"Umeeleza vizuri kuliko mimi."

Akamtajia njia zote. Mazoezi ya misuli ya nyonga, ambayo peke yake hayatoshi kizazi kikishashuka kiasi kile. Pete, isiyoponya ila inashikilia, na inayotaka usafi na kupimwa kila miezi mitatu. Operesheni ya kukishonea kizazi juu bila kukitoa, ambayo madaktari wanaoifanya ni wachache. Na kukitoa, ambako kunawafaa wengi, ingawa hata hapo sehemu nyingine zinaweza kushuka baadaye. Bi Mboni aliomba aandikiwe yote. Akasoma karatasi mara mbili mbele ya daktari, akachagua pete.

Pete ya kwanza haikukaa. Siku ya nne, akimpimia mteja mita sita za kitambaa, alikohoa mara moja na ikateleza. Alimaliza kupima, akakata, akakunja, akamfungia mteja mzigo wake, ndipo akaenda chooni akalia. Asubuhi yake alikuwa kliniki tena. Wakampa kubwa kidogo. Hiyo ikakaa.

Muuguzi Sitara alimfundisha mazoezi. "Bana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Hesabu mpaka kumi. Achia taratibu, usibane pumzi." Bi Mboni akayafanyia palepale dukani, uso mkavu, akibishana bei. Majora hagusi tena. Anakula papai na kunywa maji ya kutosha ili choo kisimlazimishe kusukuma. Mwezi wa pili aliswali Alasiri amesimama, akasujudu, akakaa kwenye sijda muda mrefu kuliko sunna inavyotaka.

Lakini jambo linalofanya watu wamtaje kwa heshima zaidi lilitokea Februari, kwenye kumfunda binti wa mama mmoja aitwaye Bi Maimuna. Chumba kilijaa wanawake. Bi Mboni alifika kwenye habari za uzazi, akawaambia wapunguze ngoma.

"Mwanangu," alimwambia mwali, "nimewafunda wenzako mengi, hili niliwaficha. Ukizaa, kitu kinaweza kushuka. Kwangu kimeshuka. Hapa nilipo nimevaa pete inayokishikilia. Si laana, wala si uchafu. Na atakayekwambia kuna njia moja tu, muulize ya pili na ya tatu, kisha uchague ukiwa unajua."

Mama mtu mzima mmoja kule nyuma akasema, "Bi Mboni, pete hiyo inapatikana wapi?" Mwingine akadakia, naye alikuwa na swali. Walimuuliza mpaka wali ukapoa jikoni.

Tangu siku ile amewasindikiza wanawake kumi na mmoja Posta. Wanne walichagua operesheni ya kutoa kizazi, naye aliwapelekea uji wodini, bila kuwahukumu. Mwenyewe hajafunga mlango. Anasema pete ikimchosha atamrudia daktari wazungumze upya.

Siku hizi mwanamke akiingia dukani, akashikashika vitambaa bila kuuliza bei, Bi Mboni humvutia kiti chenye mto, akamwambia, "Karibu ukae, mama. Kama ukikaa unaumia, niambie tu."