Mbeba Mifuko Achagua Fimbo Yake

Siku mbeba mifuko alipokwenda kuchagua fimbo yake, mkewe alisema lazima waende wote. Hakuombwa. Alivaa viatu vyake vya harusini, vile vinavyobana kidole gumba, akajifunga kitambaa kichwani, akakaa mlangoni kumngoja. Alimjua mume wake. Mtu wa kupewa yule. Mpe mkate ulioungua chini, atakula na ahsante atasema. Ukimwacha aende peke yake atarudi na fimbo iliyokataliwa na dunia nzima, kisa amemwonea huruma muuzaji.

Kazi yake ilikuwa kubeba mifuko ya fimbo kwenye uwanja wa gofu. Aliianza angali ana nywele. Wachezaji hutembea mikono mitupu, yeye nyuma yao na mzigo begani, na wakikaribia shimo humgeukia wamuulize mpira utapinda wapi. Naye huchuchumaa, huyaangalia majani, huwaambia. Sasa goti lilikuwa limekataa kuchuchumaa. Mwisho wa juma anaacha kazi, na wanachama wakakubaliana kumpa zawadi: aingie kwenye duka la pale pale uwanjani, achague fimbo moja ya kusukumia, ile fupi ya kuingizia mpira shimoni. Yoyote aitakayo.

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Yeye tangu aambiwe hivyo chakula hakikumshuka. Mkewe alimbana mpaka akasema.

"Mama watoto, mimi nimesukuma kwa fimbo za watu tu. Nawajaribia, nawaonyesha. Mwenyewe nasukumaje, sijui. Nikienda pale nikashindwa, basi nitajua sikuwa na mchezo hata siku moja. Nilikuwa mgongo tu."

"Mgongo umesomesha watoto," mkewe akamjibu. "Vaa shati."

Duka lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya ngozi mpya. Fimbo zilisimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Katikati palitandikwa zulia la kijani, refu, lenye tundu mwisho wake la kuingizia mpira. Fundi wa duka alikuwa mtu wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Aliwaamkia wote wawili kwa heshima.

"Tumekuja kuchukua kitu kizuri," mke akasema, mume hata hajafungua mdomo.

"Kizuri cha kutazama, mama, au cha kutumia?"

"Vyote viwili. Mimi si mtu wa nusu nusu."

Mbeba mifuko akashika ya kwanza, nyembamba, inang'aa kama sahani ya wageni. Akatoa tumbo mbele, akazamisha kidevu shingoni, akakohoa mara mbili, akasukuma. Mpira ukaenda moja kwa moja ukatumbukia.

Mkewe akasogea karibu. Hakuwahi kukanyaga pale maishani mwake, lakini kile kikohozi alikijua. Alikuwa amesimuliwa mezani miaka na miaka habari za wachezaji wa mume wake.

"Huyo si Hakimu?"

"Ndiye. Fimbo yake ni kama hii."

Akashika ya pili. Visigino vikakutana, midomo ikafyonzwa ndani, macho yakachungulia chini kama mtu anayetafuta jino bovu. Huyo akawa Daktari wa Meno, mpira ukatumbukia. Akashika ya tatu, kiuno kikatikisika kidogo, jicho moja likaibia kuona nani anatazama. Huyo akawa Bibi Mkandarasi, na mpira wake pia ukatumbukia. Watu wote aliowasikia kwenye mazungumzo ya chakula walikuwa wanaingia dukani mmoja mmoja, ndani ya shati la mume wake. Kumbe miaka yote alikuwa amelala kando ya mkutano mzima, akidhani ni mtu mmoja anayekoroma.

"Chukua ya Hakimu," mkewe akasema. "Ile inayong'aa. Tutaisimamisha sebuleni."

"Hakimu anayo yake, mama," fundi akasema taratibu. Akamgeukia mume. "Mzee, sasa nisukumie wewe."

"Mimi nani?"

Hakuwa anatania. Alishika fimbo, mikono isijue pa kukaa. Miguu ikasimama ya Hakimu. Akaitoa, ikasimama ya Daktari. Akasukuma, mpira ukachoka njiani. Akasukuma mwingine, ukagonga ukuta ukarudi miguuni kwake kama mbwa aliyefukuzwa. Akaiegemeza fimbo ukutani polepole.

"Mama watoto, twende zetu. Nitachukua hiyo inayong'aa."

Mke alikuwa ameshinda, tena bila vita. Lakini aliuona uso wa mume wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyebisha hodi nyumbani kwake akaambiwa mwenyewe hayupo.

Akavuta kiti cha fundi, akakaa, akavua viatu.

"Hatuendi," akasema. "Fundi, mpime. Hata suruali mtu hupimwa."

"Mama watoto, tunampotezea mwenzetu muda..."

"Nimeshakaa."

Fundi akavaa miwani. "Weka fimbo chini kabisa, mzee. Simama tu. Inama kidogo, mikono iache ining'inie kama nguo kwenye kamba. Usimfikirie mtu yeyote."

Mbeba mifuko akainama. Fundi akamzunguka mara moja, akamzunguka tena. Halafu akamwita mke kwa kidole.

"Njoo uone, mama."

Bega la kulia, lile la mkanda wa mfuko, lilikuwa limeshuka chini ya mwenzake, na shingo imeinama kulifuata. Mkono wa kulia ulining'inia karibu na goti. Mke alilijua bega lile. Alikuwa akimpunguzia shati upande mmoja tangu watoto wadogo, na siku zote aliliita kilema cha kazi.

"Wachezaji wake wote wamenyooka," fundi akasema. "Akiwaiga, analinyanyua bega. Akijitafuta mwenyewe halafu bado amelinyanyua, hajipati. Yeye anakaa huku chini."

Akaingia stoo, akatoka na fimbo fupi, rangi ya moshi, kichwa chake kinene, bapa kwa chini.

"Hiyo ni pasi ya nguo," mke akasema.

"Ni fimbo, mama."

"Ni pasi iliyotiwa mpini. Mtu abebe mizigo ya watu mpaka goti life, halafu mumpe pasi?"

Lakini mume wake alikuwa ameshaishika. Miguu haikutafuta mahali, ilikaa tu. Bega likashuka, likatulia, kama mtu aliyefika kwake akatua mzigo. Mke akamtazama ili ajue nani amekuja safari hii. Hakuwa yeyote aliyewahi kusimuliwa.

Akasukuma. Mpira ukapita ukingo wa kulia wa tundu. Akasukuma wa pili, ukapita pale pale. Wa tatu, pale pale tena. Mke akaona basi, imeshindikana. Akashangaa kuona fundi anatabasamu.

"Umeona, mzee?"

"Nimeona." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye msibani au kwenye maombi. "Nakosa mahali pamoja."

"Anayekosa huku na huku hana kwake. Wewe unako."

Mbeba mifuko akasogeza miguu kidogo tu, upana wa kidole. Akasukuma. Mpira ulikwenda polepole, polepole mno, mke akapata nafasi ya kukata tamaa na kutumaini tena kabla haujafika. Ukasimama ukingoni. Ukafikiri. Ukaingia.

Mume alijishika mdomo, akalitazama tundu kama limemtaja kwa jina.

"Mwenyewe alikuwapo," akasema. "Siku zote alikuwapo, nami nambeba na mizigo ya watu."

Alirudia mpaka jua likaondoka dirishani. Mingine iliingia, mingine ikakosa, lakini yote ilitoka kwa mtu yule yule. Mke alikaa pale pale, miguu mitupu juu ya zulia, hakusema neno, na wanaomjua watakuambia hilo ni jambo kubwa. Fundi alipoanza kutafuta funguo ndipo aliposimama.

"Ifunge hiyo."

"Hii pasi, mama?"

"Umesikia. Na usiipake chochote cha kuing'arisha."

Lakini mume hakukubali ifungwe. Alitoka nayo mkononi, akashika njia ya kokoto ielekeayo langoni, bega lake chini, akitembea katikati ya njia. Mkewe hakuwahi kumfuata mtu nyuma, si baba yake, si bosi, si yeye huyo mume. Jioni ile alibeba viatu mkononi, akapunguza mwendo, akamwacha atangulie.