Mkono wa Sweta la Kijivu

Mbuzi wetu mwenye doa jeupe begani alizaa pacha asubuhi yenye upepo mkali, na kabla jua halijafika utosini alikuwa ameshaamua kwamba ana mtoto mmoja tu. Wa kwanza, dume mweusi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alimlamba kuanzia puani hadi mkiani. Wa pili, jike mdogo wa rangi ya majivu, kila aliposogelea kiwele alipigwa pembe ubavuni akaanguka chali. Akainuka, akatikisa masikio, akarudi tena, kana kwamba alichopewa ni salamu tu na sasa mazungumzo yangeanza.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, vijijini huku upande wa Buigiri, wiki hiyohiyo, nikiwa si mtu wa kutegemewa sana. Nilikuwa nimetoka kuwasilisha pendekezo la utafiti wangu wa uzamivu, lililohusu namna ya kukadiria makosa katika vipimo. Mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza, kwa upole kabisa, nimejuaje kwamba kipimo changu cha makosa hakina makosa. Lilikuwa swali zuri. Nililifikiria. Niliendelea kulifikiria nikiwa nimesimama mbele yao, kalamu mkononi, hadi mwenyekiti akapendekeza kwamba huenda sote tungependa kunywa chai. Tangu hapo mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Kikombe, ufunguo, simu, kila nilichokishika kilipata mtetemo wake mdogo wa pekee.

Baba, karani mstaafu anayefuga mbuzi kwa utaratibu uleule aliotunzia majalada, hakuniuliza lolote. Alinikabidhi beseni la mashudu ya alizeti na kunielekeza zizini. Aliyeuliza ni bibi, mama yake baba, ambaye tangu nikiwa mtoto ameniita mume wake na hajawahi kuridhika na ndoa hiyo.

"Mume wangu, umerudi au umefukuzwa?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Nimekuja kupumzika."

"Unapumzika na chai yote iko kwenye suruali?"

Basi ndivyo nilivyokuwa asubuhi ile ya kuzaliwa pacha. Yule wa pili alipotoka, mama yake alikuwa bado ana shughuli na wa kwanza, na upepo ulikuwa ukirusha vumbi jekundu hadi machoni. Nilivua sweta langu la kijivu, nikamfunga ndani yake angali na ute wote wa kuzaliwa, nikakimbia naye jikoni kwenye mafiga. Nilimsugua hadi manyoya yakasimama. Nilijivunia sana. Nilipomrudisha kwa mama yake, akiwa mkavu na mwenye joto, nilitarajia shukrani. Mtoto alipata pembe.

Baba alieleza hali ilivyo, akiwa amesimama wima langoni mwa zizi kama anayesoma waraka. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, tungemnyonyesha kwa kumshikilia mama, na hilo lingemfikisha mbele kidogo. Lakini mama asipomkubali, hatapona. Miaka ya nyuma tulijaribu chupa kwa wengine waliokataliwa, na upepo huu wa katikati ya mwaka uliwachukua wote.

"Anataka ubavu wa kulalia," baba alisema. "Chupa haina ubavu."

Kwa akili niliikubali hoja hiyo, kwa kuwa ilikuwa imepangwa vizuri. Kwa moyo niliikataa papo hapo, kwa nguvu iliyonishangaza mwenyewe. Nilimtazama yule wa majivu akianguka na kuinuka, na nikajua kwamba hapakuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka wiki ile isipokuwa mbuzi mmoja abadilishe mawazo.

Asubuhi na jioni, basi, tulimnyonyesha kwa nguvu. Baba alishika pembe, nami nikashika mguu wa nyuma, na mbuzi, ambaye hajasoma popote, aligundua kwamba njia bora ya kuzuia kiwele ni kukilalia. Alijilaza chini kama mkeka. Tulipomwinua upande mmoja, upande mwingine ulilegea. Mtoto alikuwa akichomoa kichwa chini ya tumbo, mdomo una povu la maziwa, akitutazama kwa subira. Mikono yangu ilitetemeka juu ya mguu wa mbuzi, na mguu wa mbuzi ukatetemeka kwa hasira zake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya jopo sikuweza kusema kwa uhakika mtetemo ni wa nani.

Bibi alileta chumvi. Alimpaka mtoto mgongo mzima, akaeleza kwamba mama akionja atalamba, na akilamba atapenda. Mama alionja. Alilamba kwa bidii, mgongo, shingo, hata masikio. Chumvi ilipokwisha akampiga mtoto pembe, akamtazama bibi kuona kama kuna nyingine.

"Huyu," bibi alisema, akifuta mikono kwenye khanga, "ni mla shughuli. Anakula, anaondoka, bwana harusi hamjui."

Ndipo baba akapendekeza mbwa. Kwetu inasadikiwa kwamba mbuzi anayemkataa mwanawe akimwona mbwa karibu na mtoto hukumbuka ghafla kwamba yeye ni mama. Jirani yetu ana mbwa. Alifika baada ya chakula cha mchana, siku ambayo tulimbakiza mbuzi wetu nyumbani makusudi, akiwa amezungusha kamba ya katani mara mbili kwenye kiganja.

"Mzee mwenzangu, kaeni mbali," alimwambia baba. "Huyu ni mkali, sitaki lawama."

Mbwa aliketi. Alipiga miayo. Yule wa majivu alimwendea moja kwa moja, akamnusa sikio, akajaribu kutafuta chuchu chini ya tumbo lake. Mbwa aliinua mguu kumpisha.

"Mtikise kidogo," bibi alishauri.

"Ameshiba leo," jirani alijitetea. "Mngeniambia mapema nisingempa ugali."

Kwa kulinda heshima yake, nadhani, mbwa alibweka mara moja. Na hapo mbuzi wetu aliinua kichwa. Alimtazama mbwa. Alimtazama mwanawe mweusi aliyekuwa salama ndani ya kibanda cha fito. Akainamisha pembe, akaja mbio, akampita yule wa majivu bila hata kumgusa, akaja kusimama mbele yangu. Alijipanga kukinga magoti yangu, mbavu zake zikinigandamiza, akapiga chafya ya vita. Mbwa aliondoka bila kuaga, na jirani akaifuata kamba. Kisha mbuzi aligeuka, akatoa ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo mbuzi jike humtolea mtoto wake peke yake, na akanilamba mkono wa sweta kuanzia kifundoni hadi kwenye kiwiko.

Bibi alinisogelea, akaukagua mkono uliolowa.

"Hongera, mume wangu," bibi alisema. "Umezaliwa."

Sijawahi kumwona baba akicheka namna ile. Alitafuta kitu cha kushikilia, akashika ua wa miiba, akaendelea kucheka huku akilia kwa maumivu. Bibi aliketi chini kabisa, miguu imenyooka mbele, akijifunika uso kwa ncha ya khanga.

"Bibi, maana yake ni nini lakini?"

"Maana yake kesho unafunikwa chini ya tenga na watoto wa mbuzi wenzako."

Nilipaswa kucheka, na nilicheka, lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi yake. Je, alinichagua mimi, au kitu nilichokuwa nacho? Kama ni mimi, kwa nini si usoni, bali kwenye mkono wa sweta? Na kama ni chumvi ya jasho, kwa nini aliitumia sauti ya mtoto, ambayo hakuitumia hata kidogo alipokuwa akila chumvi halisi ya bibi? Nilivua sweta nikalitundika kwenye nguzo ya zizi na kurudi nyuma. Mbuzi aliniacha hapohapo, bila majuto yoyote, akaenda kuzungumza na nguzo.

Nilimwomba baba alivae. Baba, ambaye hana desturi ya kuvaa kitu kisichopigwa pasi, alilivaa kwa ajili ya ushahidi. Mbuzi alimfuata. Baba aliongeza mwendo, mbuzi naye akaongeza. Walizunguka banda la kuku, baba akitembea kwa heshima na haraka, viwiko vimeinuliwa. "Mwondoeni!" alisema bila kugeuka. "Nimeamini! Mwondoeni!"

"Nipeni na mimi," bibi alisema.

Alilivaa juu ya khanga, likamfika magotini. Mbuzi akamlamba begani, kifuani, hadi kidevuni, akinguruma kwa mahaba, na bibi akafumba macho na kupaza sauti kijiji kizima kisikie: "Mume wangu! Mama mkwe ananipenda!"

Hapo ndipo mama yangu alipoingia, akitoka kwenye mizabibu, jembe begani. Alimwona mama mkwe wake mwenyewe amevaa sweta la mwanawe analambwa na mbuzi, mume wake anachomoa miiba kiganjani, na mimi ninawaza kwa sauti. Aliweka jembe chini polepole.

"Nani ataanza?" aliuliza.

Nilianza mimi. Nilimweleza kwamba mtoto wa pili nilimwondoa kabla mama yake hajamnusa. Ute wa kuzaliwa ulibaki kwenye sweta, na sweta hilo nililivaa tena siku ileile na sijalifua hadi leo, kwa kuwa maji ya bomba yalikuwa yamekatika na baridi haikukatika. Kwa hiyo mbuzi hakumkataa mtoto wake wa pili hata kidogo. Alimpenda sana. Alikosea tu mahali mtoto alipo.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Basi mrudishieni mtoto harufu yake," alisema.

Tulijaribu kumfunika mtoto sweta zima. Alijikwaa na kubiringika, akawa bunda la kijivu linalolia. Nikaanza kufikiria namna ya kulisugua mwilini mwake badala ya kulikata, kwa sababu sweta hilo mama alilifuma mwenyewe, kwa sindano zake mbili, alipopata habari kwamba nimekubaliwa chuo. Nilimweleza kwamba kulikata ni hatua isiyorudishika, na kwamba pengine ingefaa kwanza tupime njia nyingine. Mama alikuwa ameshaleta mkasi.

"Mkono mmoja tu," alisema, akikata. "Kifua uache, utakihitaji."

Alitoboa matundu mawili kwa ajili ya miguu ya mbele. Ncha ya mkono ikawa kola. Mtoto wa majivu alisimama katikati ya ua ndani ya vazi lake, shingo imenyooka, akifanana na mheshimiwa anayewahi kikao cha bunge, na baba, kwa mazoea ya kazi, nusura ampishe njia.

Jioni ilikuwa karibu. Kwetu watoto wa mbuzi hawaendi malishoni. Hushinda nyumbani katika kibanda cha fito, walio wachanga zaidi chini ya tenga, na mama zao wanaporudi mlango hufunguliwa mara moja. Hakuna furaha yenye fujo kama hiyo. Kila mama anaita, kila mtoto anajibu, wote kwa wakati mmoja, na katika vumbi hilo kila mmoja anampata wake. Tulimrudisha mbuzi wetu kundini ili aingie na wenzake kama kawaida. Mimi nilioga kwa sabuni na kuamriwa na bibi nijifiche nyuma ya tangi la maji, kwa kuwa, alisema, mtoto mkubwa huharibu unyonyeshaji.

Mbuzi waliingia. Baba akafungua kibanda.

Mweusi alikuwa wa kwanza kutoka, akapiga mbizi chini ya kiwele bila kusalimu. Kisha yule wa majivu, ndani ya mkono wangu wa sweta, akatembea hadi mbele ya mama yake akasimama. Mbuzi aliinamisha kichwa. Kichwa kile kikiinama hivyo nilijua kinachofuata, na vidole vyangu vikakwaruza bati la tangi. Alinusa kola. Akanusa tena. Aliinua macho na kuangaza uwanja mzima, akitafuta kitu, na bibi anaapa hadi leo kwamba aliuliza yule mwanawe mrefu yuko wapi. Halafu akashusha pua kwenye sufu ya kijivu na ile sauti ya kooni ikatoka, chini, ndefu, na akaanza kulamba. Mtoto alipita ubavuni. Akainamisha kichwa, akasukuma mara mbili, na kamkia kale kakaanza kuzunguka kama pangaboi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilitoka nyuma ya tangi nikarukaruka, nikamkumbatia baba, ambaye aliniambia "Polepole, kiganja," naye mama yangu akawa anapiga vigelegele, na bibi akanijibu kwa ukali uliojaa kicheko, "Nyamaza wewe! Mdogo wako ananyonya!" Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kuliko siku zote, na sikuipa hata dakika moja ya kuifikiria.

Jioni iliyofuata nilisahau. Baridi ilikuwa kali, nikavaa kilichobaki cha sweta, mkono mmoja umefunikwa na mwingine uko wazi, nikaenda mwenyewe kufungua kibanda. Watoto wakamwagika, mama wakaita. Mbuzi wetu alimnusa mweusi na kumpa upande mmoja. Alimnusa wa majivu, akamlamba kola, akampa upande wa pili. Kisha akainua kichwa, akaniona, na akaja nao wawili wakiburutwa chini ya tumbo bila kuachia chuchu.

"Wa tatu huyo!" bibi alipaza sauti kutoka jikoni. "Hesabu imetimia!"

Nilisimama kwenye foleni nikalambwa.