Uwanja Uliomwagiwa Maji

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu Wekesa, na nitakusimulia kabla hujamaliza hiyo chai. Kaa vizuri. Umesema umekuja kuniachia gongo lako nimpe mtu mwingine, kwamba wewe na mpira wa magongo basi. Sawa, liegemeze ukutani hapo. Lakini kwanza utanisikiliza, maana sikukupikia chapati ili unikimbie.

Nimesikia yaliyotokea Ijumaa iliyopita. Doha ni kubwa, ila Wakenya tunafikishiana habari haraka. Kabla hamjafika kambini kwenu Al Rayyan, mimi huku Al Thumama nilikuwa nimeshapigiwa simu, na aliyepiga alikuwa ametia chumvi yake. Inasemekana nahodha wenu Ian, yule kijana wa kompyuta aliyesomea shule ya kibinafsi kule Nairobi, alikusimamisha mbele ya watu wote akakwambia uvue viatu vyako vya njumu kwa sababu vinachana nyasi bandia. Ulimrushia maneno, ukatoka uwanjani, na wenzako wa kazi ya ulinzi, mliosoma shule za umma, wakatoka nyuma yako. Kesho mnacheza na Waganda, na timu haipo.

"Aunti, hao mababi wa shule za kibinafsi wanatudharau," umeniambia hapo mlangoni hata kabla ya salamu. "Walisoma na pesa za wazazi, wanatuona sisi washamba. Wacheze wenyewe basi."

Sikatai. Dharau naijua, nimefanya kazi ya uuguzi hospitali za nchi za watu, nimeonyeshwa dharau kwa lugha nyingi. Hata Ian nitamtafuta nimseme, kwa sababu mtu mzima hafokewi mbele ya wenzake. Hilo niachie mimi. Lako ni hili ninalokusimulia.

Nilikuwa kidato cha nne, kipa wa timu ya magongo ya shule yetu ya wasichana, shule ya umma. Usicheke, nilikuwa mwembamba siku hizo. Vikinga vya miguu nilivyovaa vilishonwa kwa sponji ya godoro kuukuu. Magongo tuliyavalisha mipira ya tyubu iliyokatwakatwa ili yasipasuke, na uwanja wetu ulikuwa wa changarawe, ukianguka unaamka na mawe gotini. Tulizishinda shule zote za karibu. Ikabaki mechi moja, na atakayeshinda aende mashindano ya kitaifa. Tulipangiwa kucheza na shule ya kibinafsi, tena nyumbani kwao.

Nahodha wetu aliitwa Nafula. Sijapata kuona mchezaji kama yule. Madam Auma, mwalimu wetu wa michezo, alikuwa amemnong'oneza kwamba kocha wa timu moja ya wanawake, ya shirika la serikali, angekuja kumtazama. Timu ile ilikuwa inawapa wachezaji wake kazi ya kudumu. Kwao Nafula walikuwa wameshamwambia wazi kwamba baada ya kidato cha nne hakuna masomo zaidi, arudi akasaidie shambani. Kwa hivyo mechi ile ilikuwa ndiyo nafasi yake, na sote tulijua hivyo. Usiku wa kuamkia safari alikuwa ameipiga jezi yake pasi mpaka ikang'aa.

Kulikuwa na jambo lingine. Mwaka uliotangulia shule hiyo hiyo ya kibinafsi ilikuja ikamchukua Mercy, mshambuliaji wetu. Walimlipia karo, wakamvalisha sweta mpya, akaondoka katikati ya muhula bila kutuaga. Nafula na Mercy walikuwa wakilala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu, mwingine chini. Siku hiyo Nafula aliporudi kutoka darasani akakuta godoro la juu limekunjwa. Hakulia, ila tangu siku hiyo jina la Mercy halikutajwa bwenini kwetu.

Basi tukafika. Mwanangu, uwanja ulikuwa wa kijani kama kitambaa kipya cha meza, umenyooka, hauna hata kokoto. Tulivua viatu tuuguse kwa miguu. Wasichana wa pale walitutazama, wengine wakatabasamu, na tabasamu zao hatukuzipenda hata kidogo.

Tukiwa tunajipasha misuli, mabomba ya kando ya uwanja yakafunguka. Maji yakaruka juu, yakatanda uwanja mzima.

Sasa nikwambie kitu ambacho Ian wako hawezi kukijua. Kule kwetu, uwanja ukilowa hakuna mchezo wa mbio, maana mpira unanata kwenye matope. Na timu iliyoogopa mbio za wageni ilikuwa na mchezo wake mchafu. Wanafunzi walitumwa alfajiri wamwage mapipa ya maji katikati ya uwanja, wageni wakifika waambiwe mvua ilinyesha. Tulifanyiwa hivyo mara nyingi. Sisi wenyewe, Mungu atusamehe, tuliwafanyia wengine. Kwa hivyo tulipoyaona yale maji hatukuhitaji kuelezwa.

"Wanatumwagia maji!" Nafula akapiga kelele. "Mbele ya macho yetu! Hata haya hawana. Tokeni! Tokeni nyote!"

Tukatoka. Nilikimbia na masponji yangu yakinigonga magoti. Wazazi waliokuja kutazama wakasimama. Madam Auma alikwenda kwa mwamuzi mbiombio, akitikisa kidole, naye amekasirika kama sisi.

Hapo ndipo Mercy alipovuka uwanja peke yake akaja upande wetu. Alikuwa amelowa, anahema.

"Nafula, skiza," alisema. "Si mchezo mchafu. Hii nyasi ni ya plastiki, lazima ilowe. Ikikauka inachoma ngozi ukianguka, na mpira hauendi. Hata sisi huwa tunacheza hivi kila siku. Nakuapia."

Nafula alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Umetumwa," akamwambia. "Walikununua na sweta, sasa wamekutuma. Rudi kwa watu wako."

Mercy akageuka, akarudi uwanjani kwenye maji. Hakuna aliyemtetea. Angekuwa msichana mwingine yeyote wa shule ile labda tungemsikiliza, lakini maneno yalikuwa yametoka kwa Mercy.

Madam Auma alirudi anatembea polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alituambia kwamba amemuuliza mwamuzi, na mwamuzi amemweleza kuwa viwanja vya aina ile humwagiwa maji kabla ya kila mechi, hata kwenye mashindano makubwa. "Mimi pia sikujua," alisema. "Sasa najua. Ingieni, wasichana."

Hakuna aliyesogea. Mwamuzi akaja mwenyewe. Akasema kwa upole kwamba kanuni za mashindano zinataka wachezaji saba ndipo mechi ianze, na kwamba hawezi kusubiri sana. Tusipofika saba, wenyeji watapewa ushindi wa mezani. Kisha akarudi katikati ya uwanja, akashika filimbi yake.

Mimi niliingia. Sitajisifu, kipa hutembea peke yake, pengine ndiyo maana ilikuwa rahisi kwangu. Nyuma yangu akaja mwingine, akiangalia chini. Mwingine tena. Tulipofika sita, mambo yakasimama hapo. Waliobaki walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakimtazama Nafula, naye alikuwa ameketi juu ya mfuko wa magongo, gongo lake limelala magotini. Kule jukwaani nilimwona mama mmoja mwenye kofia, kocha wa shirika, akitazama saa.

Sisi sita tulisukumiana mpira kidogo tukingoja, na nikauona unavyokimbia. Uliteleza juu ya maji yale moja kwa moja, haukuruka wala haukupinda. Nilitamani kumpigia Nafula kelele aje aone. Kwa mchezaji kama yeye, uwanja ule ulikuwa zawadi.

Madam Auma alikuwa amepiga magoti mbele yake. Uwanja mzima ulikuwa kimya, kwa hivyo nilisikia.

"Nafula, hasira yako ina haki. Mercy walimchukua bila kutuambia, na mimi niliumia kama wewe. Lakini umekasirikia watu, maji umeyaonea bure. Inuka, mama."

"Najua, Madam," Nafula akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Najua ni kweli. Lakini nikiingia sasa wataniona mjinga."

"Watakuona mjinga kwa dakika moja. Kisha utaupata mpira."

Akainuka, mwanangu. Naapa niliona akiinuka. Alishika gongo, akapiga hatua kuelekea mstari. Na wakati huo huo, upande wa wenyeji, msichana mmoja akacheka. Hadi leo sijui alicheka nini. Labda mwenzake alimwambia jambo, labda alikuwa na woga tu, kwani na wao walikuwa watoto. Nafula alisimama. Akatazama kule kicheko kilikotoka, akageuka, akaketi tena juu ya mfuko.

Mwamuzi alingoja kidogo, nafikiri alitamani asipulize. Akapuliza.

Wenyeji hawakushangilia. Mercy alichuchumaa pale pale kwenye maji akalia kwa sauti. Mama mwenye kofia alikunja kiti chake, akaondoka bila kuona Nafula akigusa mpira hata mara moja.

Nafula yuko Kitale sasa, ana duka na watoto wakubwa, ana maisha yake, simsikitikii. Tunapigiana simu tangu nije huku, na kwa miaka yote hiyo mpira wa magongo hatukuutaja. Ila mwaka jana, tukiwa tumeshaagana kabisa, aliniuliza, "We uliingia siku ile. Mpira ulikuwa unaenda aje?"

Nikamwambia ukweli. "Ulikuwa unakimbia, Nafula. Ulikuwa unakimbia vizuri sana."

Kisha akakata simu.

Mwanangu, sikukusimulia haya ili uwaogope wenye viwanja vizuri, wala ili uwapende. Ni kweli shule zao zilikuwa na kila kitu, na wachezaji wetu walituchukulia. Ukiambiwa hiyo ni haki, kataa, nami nitakataa pamoja nawe. Lakini mtu anaweza kukudharau na bado akawa anakwambia jambo la kweli. Ian hana adabu, na njumu zinachana nyasi zile. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. La kwanza mgombeze. La pili, azima viatu bapa ucheze.

Na usidhani kilichomkalisha Nafula kilikuwa maji. Alishajua ni kosa. Aliona haya kurudi mbele ya macho ya watu, basi, na nafasi yake ikampita akiwa hatua chache kutoka mstarini. Wewe pia unajua tayari, ndiyo maana umeshindwa kunitazama tangu nianze kuongea. Kesho wapo watakaocheka ukiingia. Waache wacheke. Wenzako wa kambini wamekaa chini kwa sababu yako, na hawatainuka usipoinuka wewe kwanza.

Basi nenda, mtoto wa mama. Mungu akupe miguu mepesi na moyo usiovunjwa na kicheko cha mtu. Akulinde kazini na barabarani katika nchi hii ya ugenini, akurudishe kwenu ukiwa mzima. Na siku ukizeeka, mwanangu, lisiwepo jambo hata moja ambalo itakubidi umuulize mwingine lilikuwaje, kwa sababu wewe hukuingia.