Kabla ya bima tulikuwa na Machela, na Machela ilikuwa na kibanda cha pareto

Wakuu, hamjambo huko mliko. Na wajukuu pia, maana najua wengi humu mna umri wa wajukuu zangu.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na miwani imepasuka upande. Mkiona herufi imeruka, nanyi irukeni. Kisa chenyewe sitakiruka. Nilikiona kwa macho haya, na wenzangu waliokiona wako kaburini, kwa hivyo nikitia uongo nitakuwa nawasingizia wafu wangu mwenyewe.

Juzi mjukuu wangu alinisomea uzi wa humu humu. Mtu alikuwa analalamika kwamba kampuni ya bima yake ya afya imenunua hisa kwenye kiwanda cha sigara. Yaani unawalipa wakutibu mapafu, na wao wanavuna faida kwa anayeyachoma.

Nikadhani mtakasirika.

Wapi! Mmoja akajibu, "Business ni business." Mwingine akaweka vile vikatuni vya kucheka. Mjukuu wangu mwenyewe, kadi ya bima iko mfukoni, akaniambia, "Magokoro," ndivyo kwetu bibi anavyoitwa, "hiyo faida ndiyo inafanya malipo yetu yasipande."

Chai yangu ilipoa mezani. Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, karibu vile vile yalivyo, na yaliyofuata yalikuwa matanga. Sasa nisikilizeni.

Miaka ya hamsini, huko juu Nyamira, upande wa Keroka, kilima chetu hakikuwa na barabara ya gari. Mgonjwa alibebwa mabegani mpaka Keroka, mnangoja lori linaloshuka Kisii, mnambembeleza dereva. Wengine walikata roho bado watu wanatafutwa wa kuwabeba.

Basi watu wa kilima wakaanzisha chama cha kusaidiana. Kitu cha kwanza kununua kilikuwa machela, turubai na miti miwili, na chama chenyewe kikaitwa Machela. Ukiwa mwanachama, vijana wanakubeba, lori linalipwa, kitanda kwenye hospitali ya misheni kinalipwa, dawa pia.

Lilikuwa jambo jema. Sitaki mtu aseme nilikidharau. Kuna watoto walikuwa hai kwa sababu ya Machela.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Ondieki, mzee wa kanisa, Msabato wa kweli. Hakunywa pombe, hakuvuta, hata majani ya chai aliyatazama kwa shaka.

Michango ya ndizi na wimbi ilikuwa haitoshi. Mwalimu ndiye alileta wazo la pareto.

Kwa wale wa mjini: pareto ni ua jeupe dogo, likikaushwa linasagwa kuwa dawa ya kuua wadudu. Bichi halina bei. Kavu lina bei. Chama kikajenga kibanda cha kukaushia, kuta za udongo, paa la mabati, moto wa kuni chini na maua juu kwenye trei za waya. Madirisha yalikuwepo ila yalifungwa muda wote, maana ukungu wa kule ukiingia maua yanageuka meusi na mnunuzi anakunja uso.

Kibanda hicho hakikuwa na nzi. Hakikuwa na mende, wala buibui kwenye pembe. Wanawake walikisifu kuwa ndiyo nyumba safi kuliko zote kilimani. Hakuna aliyejiuliza sisi tunaopumua humo tuna tofauti gani na nzi.

Sasa hapa ndipo penye uchungu.

Sisi Wakisii tuna desturi ya risaga. Leo majirani wanakuja kulima kwako, kesho nawe unaenda kulima kwao. Chama kikaichukua risaga kikaiingiza kibandani. Badala ya mchango, kila boma lilitoa mtu wa zamu. Ukitoa mikono, boma lako lote linabebwa. Usipotoa, mtajibeba.

Kwa hivyo ili utibiwe ilibidi kwanza uingie mahali penye ugonjwa. Insurance gani hiyo? Lakini hatukuiona hivyo. Tulijiona watu wa maendeleo.

Boma letu lilimtoa dada yangu mkubwa, Kerubo. Baba alikuwa kibarua kwenye chai huko Kericho, na mimi nilikuwa shule, mama akinisukuma nisome. Kerubo alikuwa mwimbaji. Kwenye risaga za shambani yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na wengine wakaitikia.

Kwanza uso wake uliota upele ukawa unabambuka. Halafu macho. Halafu kifua. Akipanda kutoka mtoni anasimama njiani akivuta pumzi kwa sauti ya filimbi. Wimbo ukawa unaanzishwa na mtu mwingine.

Siku alipozidiwa, Machela ilikuja mbio kweli. Vijana walimbeba mpaka Keroka bila kumtingisha, lori likalipwa, kitanda kikalipwa. Akarudi akipumua. Mama alimpelekea Mwalimu Ondieki kuku wa shukrani. Huyo kuku sijamsahau mpaka leo.

Hospitalini walikuwa wamemwambia mama wazi: huyu msichana asikaribie tena vumbi la pareto, na kila kifua kikibana arudishwe haraka.

Mnaelewa shida iliyoingia nyumbani? Kerubo sasa alihitaji Machela kuliko mtu yeyote kilimani. Na Machela ilihitaji mikono.

Mwalimu akaja mwenyewe, akaketi kwa heshima.

"Mong'ina," akamwita mama kwa jina la heshima la mwanamke mzima, "boma lako halijaleta mtu."

"Mtu wangu ameugulia kwenu, Mwalimu."

"Ndiyo maana tukamtibu."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, hakuona hata kidogo alichokisema.

Mama akamwomba kitu kimoja. Hakuomba kibanda kivunjwe. Aliomba madirisha yafunguliwe, hewa ipite, hata kama maua mengine yataharibika. Mwalimu akasema hilo ni la wanachama wote, aende akaliseme mkutanoni.

Akaenda. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Mama hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu. Alisema alichotaka, akaketi.

Mwalimu akajibu kwa upole ule ule: "Tukifungua, bei inashuka. Bei ikishuka, tutabeba wangapi? Itabidi kila boma litoe zaidi."

Hapo ndipo Nyaboke, jirani yetu, akasimama. Mwanawe alikuwa amelazwa wakati huo huo, mguu umeoza kwa kidonda, na Machela ndiyo ilikuwa inamlipia.

"Unataka wangu afe ndio wako apumue?"

Watu wakapiga makofi, wakuu. Watu tuliokula nao. Wengine wao walikuwa wanakohoa wakipiga makofi.

Tulirudi nyumbani. Nikamwambia mama nitaacha shule nikashike zamu. Akanijibu kwa neno moja la kwetu, "Yaya," yaani hapana, na jinsi alivyolisema sikurudia.

Jumatatu akaenda yeye kibandani. Alijifunga leso puani na mdomoni kama anayeenda kurina asali.

Alifanya hivyo misimu miwili ya maua. Kerubo alibanwa mara kadhaa na kila mara Machela ilikuja, kwa sababu boma letu lilikuwa safi, halidaiwi zamu. Mama naye akaanza ile filimbi kifuani. Aliificha. Alikuwa akikohoa anatoka nje, anajifanya anafukuza kuku. Kisha akawa hawezi tena kutoka nje.

Walipokuja kumbeba, machela ilikuwa mpya, turubai jipya, na blanketi zito jekundu juu yake. Pareto ilikuwa imeuzwa vizuri mwaka huo. Vijana walilionyesha blanketi kwa fahari. Mama yangu alifia ndani yake kabla ya kufika Keroka.

Mwalimu Ondieki alikuja matangani, akalia machozi ya kweli. Chama kilileta sukari na unga kwa waombolezaji, kama kawaida yake kwa mwanachama mzuri. Akamshika Kerubo mkono, akamwambia chama kiko pamoja nasi, halafu, kwa upole wake ule, akauliza ni nani sasa atashika zamu.

Kerubo alikuwa hana pumzi ya maneno mengi. Alisema, "Mwalimu, beba sukari yako. Nenda ufungue dirisha."

Hawakufungua.

Tukatoka Machela. Baba akaacha kazi Kericho, akawa yeye ndiye anayembeba Kerubo mgongoni mpaka Keroka. Aliishi, dada yangu, aliolewa hata, lakini sikumsikia akiimba tena.

Nilichojifunza? Mimi nilikuwa mwalimu miaka mingi, napenda kumaliza somo, lakini hili silimalizi vizuri. Watu wa Machela hawakuwa wezi. Na angalau wao waliingia kibandani wenyewe, wakakohoa pamoja nasi. Hawa wa siku hizi wanaketi mbali na vumbi, wanahesabu faida, halafu wanakutumia ujumbe wa kukutakia afya njema. Hao siwaonei huruma hata kidogo.

Ukiwa na kadi ya bima, waulize pesa yako inalala wapi. Wakikwambia faida ndiyo inakutibu, jua wamefunga dirisha, na ndani kuna mama wa mtu.

Lakini Nyaboke naye alikuwa mama. Mwanawe alipona, akakatwa mguu tu, na alikuja kuchimba kaburi la mama yangu akiegemea mkongojo. Sijapata cha kumjibu Nyaboke tangu mkutano ule. Mwenye jibu aniandikie hapa chini. Vikatuni vya kucheka sitaki.