Kopo la Kaka Oresto

Enzi zetu sisi watoto wa Ufipa, mtu akikuambia "nipo kwenye kichuguu chenye mdomo," unamfuata moja kwa moja hata kwenye ukungu wa asubuhi. Leo kijana yuko mtaa wa Majengo, ameitwa aje mtaa wa Katandala, safari isiyomaliza hata kipande cha muwa, anakujibu, "Mzee, nitumie lokesheni." Lokesheni! Nacheka, ila kwa aibu, maana ujinga nilioufanya mimi kwa ajili ya mambo hayohayo haujafikiwa na kijana yeyote.

Baridi ya mwezi wa saba kule kijijini kwetu ilikuwa inapasua midomo. Tukiamka tunauweka ugali wa ulezi uliolala juu ya makaa mpaka utoe ganda, tunaula kwa maharage tumejikunyata jikoni, moshi unatutoa machozi na kamasi. Viatu hakuna, na sweta letu lilikuwa mchakamchaka. Siku baba akirudi kutoka mjini na dagaa wa Kirando, nyumba nzima tunakuwa na adabu tangu mchana, kwa sababu mama alikuwa na sheria yake: "Mwenye mdomo mwingi leo atakula ugali kwa chumvi." Na alikuwa hatanii.

Likizo ikifika tulicheza kopo. Mmoja anachukua kitu cha mwenzake, anakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, anakwenda kulificha porini au shambani. Akirudi anatoa maelekezo mara moja tu, harudii. Ukishindwa kuliona, unatamka kwa sauti, "Nimeshindwa!" na aliyeficha lazima akupeleke mpaka lilipo. Lakini ukishalitamka neno hilo, utachekwa wiki nzima, mpaka Jumapili nje ya kanisa. Kaka yangu Oresto, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa fundi wa kuficha. Nami niliapa kwamba wengine wote nitawatamkia, Oresto hapana.

Mwaka niliochaguliwa kwenda shule ya bweni, babu alinipa kisu kidogo chenye kipini cha mfupa. Kilifuliwa na baba yake, kwa chuma kilichoyeyushwa hapahapa kwetu, kwenye matanuru ya udongo ambayo magofu yake tulikuwa tukiyapanda tukichunga mbuzi. "Hiki hakijatoka dukani," babu aliniambia. "Ukikipoteza, hakuna mwingine wa kukitengeneza." Siku ya kuondoka, nikiwa nimeshabeba sanduku la bati, kaka akanivuta pembeni.

"Kisu nimekitia kwenye kopo. Bwenini watakuibia. Sikiliza vizuri: kutoka kichuguu chenye mdomo, hesabu matuta kumi na saba kuelekea milima ya Mbizi. Geuka kushoto mpaka kwenye jiwe linalolia ukiligonga. Kiko chini yake, upande wa jua kuchwa."

Mtu wa kuja asingeliona kosa hapo. Lakini Mfipa analima matuta ya duara, anafukia nyasi ndani zioze, na mvua za msimu mwingine zikianza anayabomoa na kuyasambaza ili apande ulezi. Niliporudi Desemba, shamba la baba lilikuwa tambarare, halina tuta hata la dawa. Kumi na saba ya nini sasa? Niligonga mawe siku tatu, yote yakawa bubu. Oresto ameegemea jembe, anacheka mpaka anajifuta machozi. "Sema neno moja tu, mdogo wangu, nikupeleke."

"Thubutu!" nikamjibu.

Basi, hiyo thubutu ikadumu. Nilitafuta kila likizo, nikaacha, nikakua, nikapata kazi Dodoma. Babu akafariki, baba akafuata, mama naye. Kaka akabaki pale, akalima shamba lile miaka yote bila kuruka hata msimu mmoja. Simu zetu zote alizifunga kwa maneno yaleyale: "Kisu chako kinakusalimia." Nami namjibu, "Kiambie nakuja."

Kisha ofisini kwetu akaja binti mmoja, Neema, akanionyesha mchezo wa siku hizi. Mtu anaficha kopo, anaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao, na watu wanalitafuta kwa mashine ya mkononi inayoongea na setilaiti. Ukilikuta, unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, unalirudisha. Nikamwambia, "Mwanangu, huu si mchezo wetu huu? Mmeuiba wapi?" Akacheka sana. Mimi usingizi ukakata. Mashine ile inachora kila unapopita. Nikaona nitalipita shamba lote mstari kwa mstari, nisirudie hatua, mpaka nigonge jiwe lenyewe. Nitakipata kisu na sitatamka neno.

Neema aliniambia simu yangu ingetosha kwa kuanzia. Sikusikia. Nikaanza kuchagua mashine, na jamani, nilichagua! Ya vitufe au ya kugusa kioo? Kwa baridi ya kwetu vidole vinakufa ganzi, bora vitufe. Ya kuchaji au ya betri? Kijijini umeme una tabia zake, bora betri mbili za kawaida zinazouzwa kila duka. Hii haiingii maji lakini kioo chake kidogo, ile ina ramani nzuri lakini wanunuzi wanasema chini ya miti inapotea. Kila nikikaribia kulipia, inatoka mpya inayokosea kwa hatua chache kuliko ile. Nilijaza daftari zima. Misimu miwili ya mvua ilipita nikilinganisha mashine.

Shemeji Febronia, mke wa kaka, alinipigia mara tatu katika muda huo. "Shemeji, kaka yako siku hizi anasahau. Jana kaacha jembe kisimani. Njoo umwone."

"Sote tunasahau, shemeji," nilimwambia. "Uzee huo. Mwambie mashine ikifika tu, nakuja kumwaibisha."

Najuta. Nauli nilikuwa nayo, likizo nilikuwa nayo, na miguu yangu mizima. Nilikuwa nasubiri betri na vitufe.

Mashine ikafika, ya vitufe, nyeusi, nzuri kweli. Nikapanda basi. Nilimkuta kaka amekaa kwenye benchi mlangoni, amevaa koti la baba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, marahaba. Karibu sana." Alinishika mkono kwa heshima, kama unavyompokea mgeni wa parokia, kisha akamgeukia mkewe. "Febronia, mzee huyu anatokea wapi?"

Nilimwekea mashine kiganjani, akaigeuzageuza, akasema ni redio nzuri. Ndipo nikatamka, kwa sauti, mbele ya shemeji na wajukuu: "Kaka Oresto, nimeshindwa. Nipeleke kwenye kopo."

Alinitazama kwa huruma. "Umeshindwa nini, ndugu yangu? Pole sana."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwomba tutembee tu, akakubali kwa furaha, maana miguu yake bado ina nguvu kuliko yangu. Nilitumaini miguu itakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Tulizunguka shambani mpaka jua likawa kali, yeye mbele, mimi nyuma na mashine yangu. Ilichora kila hatua yetu, barabara kabisa, inakwenda huku inarudi kule. Watoto wa leo wana namba za kila mahali duniani, Mungu awabariki. Sisi tulikuwa na mtu mmoja anayejua, tukaridhika, kwa kuwa tulijua yupo. Hatukuwaza kwamba naye anaweza kuondoka akiwa amesimama palepale.

Katikati ya shamba kaka akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akayatazama matuta yake, yamepangwa safi mpaka chini bondeni.

"Hili shamba la nani?" akaniuliza.

"La kwetu, kaka. Unalilima wewe."

Akatikisa kichwa, akatabasamu kama anayetaniwa. "Hapana bwana. Mwenyewe analitunza vizuri sana huyu. Tuondoke asije akatukuta."